Buibui Aliyekuja na Ndizi za Bunyakiri

Nyumbani kwetu, mtaani Nyawera, buibui alikuwa hauawi. Bibi yangu, mama yake baba, alikulia Uvira katika ukoo wa wafanyabiashara Waislamu, na tangu tungali wadogo alitusimulia jinsi buibui alivyofuma utando mlangoni mwa pango, akamficha Mtume asionwe na maadui. Kwa hiyo, alisema Bibi, jamii nzima ya buibui ina haki ya kukaa popote inapopenda. Na walikaa kweli: chooni, nyuma ya kabati, juu ya chandarua changu. Ndugu zangu hawakujali. Mimi nilikuwa naingia chooni fagio likitangulia, naomba radhi kwa sauti, huku natetemeka kama mwenye malaria.

Nilikuwa nimemaliza shule na ninauza vikwembe, vitenge vya akina mama, katika duka la baba, mjomba alipotuletea mkungu wa ndizi kutoka Bunyakiri. Mama aliuweka jikoni sakafuni. Alipokata kichane cha kwanza, akatokea buibui mmoja mweusi, mpana kama kiganja cha baba, ana miguu minene yenye manyoya. Akatembea polepole kuelekea kwetu, kama mgeni anayetafuta mahali pa kukaa.

Mama alitoka nje mbio na kisu chake mkononi. Mimi niliganda ukutani. Na Bibi, mtetezi wa buibui wote wa dunia, alikuwa tayari amesimama juu ya kiti, amekunja kikwembe hadi magotini.

“Bibi,” nikasema, “si ulisema hawa ni rafiki zetu?”

“Ile ya mu pango ilikuwa kadogo!” akalia. “Hii iko mbuzi!”

Kicheko kilinishika ghafla. Nilicheka hadi machozi, hadi mbavu zikaniuma, na katikati ya kucheka nikachukua beseni la kuoshea vyombo nikamfunika yule buibui. Nilipoinua macho ndipo nilipogundua kwamba nimepiga magoti hatua moja tu kutoka kwake.

“Tumuue!” mama akaita kutoka dirishani.

“Apana! Hauawi!” Bibi akajibu, bado yuko juu ya kiti.

“Basi shuka, mama, umutoshe inje weye,” mama akamwambia mkwewe.

“Sishuki.”

Baba aliporudi kutoka dukani alitukuta hivyo. Akapitisha kartoni chini ya beseni, akammwaga mgeni ndani ya chupa kubwa ya kioo iliyokuwa ya bonboni, peremende za watoto, akatia udongo, akafunga mdomo wa chupa kwa kitambaa chenye matundu. “Sasa nani atamulisha?” akauliza. Wote wakanitazama mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nacheka.

Mwanzoni nilimtupia mende kwa koleo la makaa na kukimbia hadi sebuleni. Kisha nikaanza kukimbia hadi mlangoni tu. Kisha nikavuta kigoda. Ukimtazama buibui wa aina ile akinywa maji katika kifuniko cha soda, ameinama kwa adabu kama mtu anayesali, ni vigumu kuendelea kumwogopa kwa moyo wote. Nikawa nafunga duka mapema kidogo ili niwinde panzi kando ya barabara. Wateja waliniona nimeinama majanini na mtungi mdogo, wakadhani nimeokoka au nimechanganyikiwa.

Asubuhi moja nikamkuta amelala chali, miguu imeelekea juu, hatikisiki. Nililia. Mimi! Nililia kwa sauti hadi Bibi akaja, akaitazama chupa, akatikisa kichwa, akaenda kutafuta kipande cha kikwembe cha kumfungia. Aliporudi, mguu mmoja ulitikisika.

Tulikaa pale sisi wawili bila kupika wala kufungua duka. Ngozi ilipasuka, naye akaanza kujitoa ndani yake taratibu, mguu baada ya mguu, kama mtu anayevua soksi zilizolowa. Mwishowe walikuwa wawili ndani ya chupa: ngozi tupu, na mwenyewe, mpya, anang'aa. Nilitoka barabarani nikipiga vigelegele, miguu mitupu.

Jirani yetu, mama aliyeuza mikate, akaacha meza yake. “Nani amezaa? Mutoto mwanaume ao mwanamuke?”

“Iko na miguu munane!” nikajibu, nikamkumbatia.

Ile ngozi tupu ndiyo niliyoigusa kwanza. Ilikuwa laini kama pamba. Wiki kadhaa baadaye, ngozi mpya ya mwenyewe ilipokuwa imekomaa, niliweka mkono ndani ya chupa nikasubiri. Alipanda. Alinitekenya! Kitu nilichokiogopa maisha yangu yote kilikuwa kinanitekenya, nami nilicheka nikiwa nimebana midomo nisije nikamshtua.

Mwaka huo akaja mchumba, mwalimu wa Kifaransa, amevaa abakosti, ile suti isiyovaliwa tai, iliyopigwa pasi vizuri sana. Alipoiona chupa kwenye rafu akaisogelea, kisha akarudi nyuma hatua mbili.

“Citoyenne,” akaniita, yaani “raia”, kama ilivyokuwa desturi siku zile, “hii... hii mygale, hii buibui mukubwa, iko muzima?”

“Iko muzima, na iko na njaa.”

Alifuta paji la uso, akahamia kiti cha mwisho kabisa, akanywa chai haraka, akaaga. Nikasema basi, huyo amekwenda.

Jumamosi akabisha hodi. Alikuwa ameshika kisanduku cha kiberiti kwa ncha za vidole viwili, mkono umenyooshwa mbali na mwili, na ndani ya kiberiti kitu kilikuwa kinarukaruka.

“Nimeleta panzi,” akasema, jasho likimtoka. “Sikujua kama anapenda za kijani.”

Bibi alicheka hadi akashika mlango. Siku ya harusi nilikwenda kwa mume wangu, yule mwalimu, katika gari la kuazima, chupa mapajani juu ya nguo yangu nyeupe, na Bibi alikimbia kando ya gari akigonga mlango wake: “Pandisha kioo, bwana! Buibui atashikwa na baridi!”