Jani la Isale

Juzi, kwenye mgahawa mmoja hapa Moshi, runinga ilionyesha mataifa mawili makubwa yakitishiana kwa makombora, na watu wazima na akili zao wakawa wanashangilia kama wako mpirani. Nilishikwa na hasira, nikaiacha chai yangu mezani.

Ushangiliaji ule naujua. Nilipokuwa mdogo, lori la jeshi lilikuja kwetu Uru, kule mlimani, kuwachukua vijana wa kwenda vitani. Baba mdogo Eliya alikuwa mmoja wao. Mchana ule ulinuka dizeli na maganda ya kahawa. Vijana waliimba garini, nasi watoto tukarukaruka. Nilidhani vita ni sherehe ya mbali, mtu anakwenda na kurudi na zawadi. Kwa kuwa sikuwa na bendera, nilichuma jani la isale, mmea uliopandwa mpakani mwa kihamba chetu cha migomba, nikalipunga.

Bibi alinidaka mkono. "Hili ni jani la kumpelekea uliyemkosea, akusamehe! Wewe umemkosea nani?"

Baba mdogo alicheka kule juu ya lori, akainama, akalichukua lile jani. Lori likateremka naye.

Hakurudi, na hata mwili hatukuletewa tuuzike migombani. Miaka yote hii sijaona mkubwa yeyote wa vita vile, wa huku wala wa kule, akiipanda njia ya Uru na isale mkononi. Aliyeondoka na jani lile ni Eliya, ambaye hakumkosea mtu.