Vile Nilikufa Kitale Juu ya Chanjo

Wasomaji, nichekeni tu, nimezoea. Juzi nilienda Kitale kusaidia madaktari wanaotafuta chanjo ya homa ya ini, ile ya C. Kuona sindano, nikafunga macho. Si nilijua wananiwekea huo ugonjwa waone kama nitapona! Moyo ikapiga mpaka watu wa Bungoma wakasikia. Nikamshika bibi yangu mkono, nikalia.

“Mama Nekesa, nisamehe kabla nikufe. Ile jogoo uliwekea mamako haikubebwa na mwewe. Ni mimi niliikula, yote, mpaka supu.”

Daktari akashangaa. “Mzee, chanjo yenyewe bado haijapatikana. Leo tumetoa damu kidogo tu ya kupima.”

Bibi akaachilia mkono wangu polepole.

“Baba Nekesa, hebu rudia hapo kwa jogoo.”