Kikundi Kikifa, Masufuria Yaende kwa Nani

Mimi nimeishia darasa la saba, lakini kwenye kikundi cha kuzikana cha hapa kwetu Kinjumbi mimi ndiye katibu. Kigezo kilikuwa kimoja tu: nani ana simu ya kupangusa na haoni uchungu kununua bando. Na kwa kuwa mwenyekiti ni bibi yangu mzaa mama, uchaguzi wenyewe ulifanyika jikoni kwake, mimi nikiwa na muhogo mdomoni, siwezi hata kukataa.

Kikundi ni cha akina mama. Mtu akifariki, wao ndio wanaobeba masufuria makubwa, mikeka na turubai, wanapika, wanalala matangani mpaka watu watawanyike. Kila kitu wamekinunua kwa michango yao wenyewe. Mimi kazi yangu ni kuandika, halafu kuwapeleka na bodaboda, masufuria nyuma yanagongana kama ngoma ya unyago.

Tatizo letu lilikuwa maji. Visima vya huku karibu na pwani vimeingia chumvi, chai unatia sukari mpaka unakata tamaa. Na bibi ana presha. Pale zahanati walimwambia apunguze chumvi, akawatazama tu. Njiani akaniambia, "Mume wangu, hawa wananikataza chumvi ya kwenye kopo. Ya kisimani je, niiteme?" Huyo ni bibi yangu, mimi ni mume wake tangu nazaliwa, mahari bado sijamaliza.

Kuna dada mmoja wa hapa hapa kaolewa Ujerumani. Alikuja kumzika mama yake, akanywa chai yetu, akakunja uso, akarudi zake. Huko akawasimulia wenzake wa kazini, wakachangishana kwa ajili ya kisima kirefu chenye pampu. Tulivyosikia, sisi tukajua hela inarushwa kwenye simu, kesho mafundi wako hapa wanachimba.

Wapi. Dada akapiga akaniambia kuna taasisi lazima ipite katikati. Nikamuuliza kwa nini, mimi nikishaanza kuuliza sina breki. Akanieleza kwamba kule mtu akitoa sadaka kupitia taasisi inayotambulika, serikali inampunguzia kodi. Akimpa moja kwa moja mama wa Kinjumbi, hapunguziwi kitu. Na ile taasisi nayo haiwezi kupeleka hela nje ya nchi kwa sababu tu watu wana shida. Watu wa kodi wa kwao wanaiuliza: huko mnakopeleka, sheria yetu haifiki, mna uhakika gani hela haitaishia mfukoni mwa mtu?

Nilikaa na hilo jambo siku nzima, abiria ananiambia shusha hapa mimi naendelea. Yaani sadaka ina risiti! Nilipomweleza bibi, akauliza kama yule mtoaji siku ya kiyama atapunguziwa na kule pia, au alishachukua chake.

Basi yakaja maswali ya ile taasisi. Viongozi nani, kazi yenu nini, hela inatunzwa wapi. Tukajibu vizuri, mimi naandika, bibi anatamka kama anasoma hotuba. Likaja la mwisho: kikundi kikivunjika, mali zake zitaenda kwa nani? Bibi hakupepesa macho. "Andika tutagawana. Sisi siyo wezi." Nikaandika. Nikaona niwanogeshee na mfano, nikawaeleza tulivyogawana mara ya kwanza.

Maana tulishavunjika. Zamani kikundi kilikuwa kimoja, na ndani yake mlikuwa na bibi yangu pamoja na mke mwenzie, wake wawili wa marehemu babu. Babu alipofariki, wale wawili wakaona hakuna tena sababu ya kuvumiliana. Wakagawana kikundi kama mnavyogawana samaki. Mikeka huku na kule, turubai likakatwa katikati, na lile sufuria kubwa la pilau, bibi yangu akachukua sufuria, mwenzie akachukua mfuniko. Mwenzie akahamia upande wa pili wa mkondo, kwenye mikoko, akaanzisha kikundi chake. Mpaka leo pilau letu linafunikwa na bati na jiwe juu. Wao mfuniko wao wameuweka kwenye sufuria dogo, umekaa kama kofia ya baba kwenye kichwa cha mtoto.

Hayo yote nikayaandika, najisikia fundi kweli.

Dada akapiga, sauti ya chini kama analeta taarifa ya msiba. Maombi yetu yamesimama. Kule kwao, kikundi ambacho kikifa wanachama wanagawana vitu, hicho siyo cha hisani. Ni mali ya watu imevaa kanzu ya sadaka. Leo wanatuchimbia kisima, kesho tunavunjika, huyu kaondoka na pampu, yule na bomba. Na kwa historia ya mfuniko niliyowaandikia mwenyewe, nani angewabishia?

Wanachama walipanda juu. Kwao kugawana ndiyo uaminifu, mwizi ni yule anayebeba peke yake. Muuza vitumbua mmoja, mdomo wake ni kisu, aliuliza hao Wajerumani wanatutakia kifo au wanatutakia maji, mbona hata kuzaliwa hatujazaliwa wanauliza mirathi.

Nikashuka Masoko, makao ya wilaya, kwa afisa wa maendeleo. Naye akaniambia lile lile: hata kwa sheria ya hapa, ukitaka usajili wa namna wanayoitaka wao, katiba yako iseme mali itakayobaki itakwenda kwa kikundi kingine kilichosajiliwa, chenye kazi kama yako. Nikamuuliza, kwa huku kwetu kiko kipi? Akafungua kompyuta yake, akatazama, akacheka peke yake. Kipo kimoja. Kimesajiliwa siku nyingi, kiko upande wa pili wa mkondo, mwenyekiti ni mama mmoja mtu mzima.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa napanga maneno. Nikafika nikamwambia bibi kavu kavu, mrithi wako ni mke mwenzio. Alikuwa anakuna nazi. Hakuacha. Akakuna mpaka kifuu kikaanza kutoa unga.

Kikao kilikuwa kigumu. Yule wa vitumbua alisema bora anywe chumvi mpaka akauke kama samaki ng'onda kuliko sufuria lake likachukuliwe na wale. Wengine wakaitikia. Mimi nikawa namwangalia bibi miguu, ilikuwa imevimba kwa presha na ile chumvi, na nikajua na yeye analijua hilo.

Bibi akaomba nimpigie dada kwa picha, na yule mama wa taasisi aliyetutumia maswali awepo. Wakatokea wote wawili kwenye simu, dada anatafsiri. Bibi akamsalimu, akamuulizia watoto, akamuulizia baridi, halafu akamrudishia swali lake.

"Na nyinyi hiyo taasisi yenu ikifa, vitu vinaenda kwa nani?"

Yule mama alishtuka kidogo, halafu akatabasamu. Akasema vinaenda kwa taasisi nyingine, wao hawagusi.

"Na wewe mwenyewe? Hata hicho kiti ulichokalia?"

Hata kiti, akasema.

Bibi akanirudishia simu. Akawageukia wenzake akawaambia, huyu kumbe na yeye mgeni tu pale ofisini kwake, hana lake hata moja. Basi tumekuwa sawa. Akaniambia niandike kwamba mrithi ni kikundi cha ng'ambo ya mkondo, na nisiandike mfano wowote.

Ila mrithi ilibidi akubali. Nikampakia bibi, tukazunguka mkondo. Mke mwenzie alikuwa barazani anachambua choroko. Mimi nikamwamkia shikamoo, akasema marahaba mume wangu, maana na yeye bibi yangu vile vile, nina wake wawili na wote wazee. Wao wenyewe walisalimiana kwa kutazamana shingo. Bibi akasema kilichomleta, harakaharaka, kama mtu anayemeza dawa. Yule akachambua choroko zake kwanza.

"Kwa hiyo mkifa mimi ndiye nawarithi," akasema.

"Tukifa," bibi akajibu. "Na hatufi."

Mke mwenzie akatia dole gumba kwenye karatasi yetu. Na akaomba kitu kimoja, maji yakitoka na watu wake wachote, maana hata na wao wanakunywa chumvi. Bibi akamwambia ndoo zao ziwe safi.

Hela ikavuka. Pampu yenyewe ilikaa sana bandarini ikisubiri msamaha wa kodi, bibi akawa ananiuliza kila asubuhi zawadi nayo ina kosa gani mpaka isamehewe. Lakini ilifika. Maji ya kwanza tuliyapikia chai, na yule wa vitumbua akalalamika kwamba sasa ni tamu mno.

Tangu hapo, kikao cha kikundi hakikosi mtu. Mtu akigombana na mwenzie, kabla hajatamka kwamba anajitoa, wote wanatazama upande wa mkondo, anakaa chini. Sijawahi kuona kikundi kinachoogopa kufa namna ile.

Juzi tulikuwa na msiba. Yule mke mwenzie akaja kuzika, watu wake nyuma yake. Baada ya dua akaingia jikoni kwetu, akalisogelea sufuria kubwa lililokuwa limeoshwa, akaliinamisha, akapitisha kidole kwenye masizi ya kitakoni.

"Mnalisugua vibaya," akamwambia bibi. "Mali yangu hiyo."

Bibi akamtupia steli wuli ya kusugulia. Yule akavuta kigoda, akakaa, akaanza kusugua.