Kanga ya Mzazi

Ubani wa kanisa hili la zamani la Waitaliano, hapa London, haujabadilika. Nilikuwa mtoto, siku iliyofuata Krismasi, mama alipovua kanga yake akaifunika sanamu ya Bikira Maria mabegani.

Mzee mtunza kanisa akaja mbio, akaniambia kwa Kiingereza nimwambie aitoe.

“Mwambie kwamba huyu kajifungua jana tu,” mama akasema. “Kwetu mzazi hatembelewi mikono mitupu. Siitoi.”

Nikaona haya, nikatafsiri: “Anaomba radhi.” Mzee akaivua kanga, akamrudishia mama, akitabasamu kama aliyesamehe.

Leo nimekuja na kanga ileile, imepauka kwa kufuliwa. Nimeshamfunika. Mtunza kanisa wa sasa anakuja, na safari hii nitatafsiri neno kwa neno.