Taratibu na Waliolala

Kazini walimwita Taratibu, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilobatizwa nalo. Alikuwa mhudumu wa chumba cha maiti katika hospitali ya serikali, jengo la nyuma kabisa, kati ya jiko na bohari ya vitanda vibovu. Kupokea, kuosha, kuvisha, kukabidhi: hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Aliifanya miaka mingi bila manung'uniko, tena bila kunywa kwanza glasi moja mbili za pombe za kujipa moyo, kama walivyozoea waliomtangulia.

Ila alikuwa na lake. Alizungumza na maiti. Hakunong'ona wala hakuigiza. Alisema nao kama kinyozi anavyosema na mteja. "Mzee, nakuinua kichwa kidogo. Haya. Sasa mkono wa kulia. Kola ya shati hili inabana, lakini ndilo walilokuletea wanao, tutafanyaje?" Wauguzi waliopita dirishani walicheka, kisha wakazoea.

Kuhusu waliko wenye miili ile, alikuwa amesikia ya kila namna. Alikulia katika nyumba ambamo mama yake aliwataja marehemu wa ukoo mmoja mmoja kila jioni na kuwaombea, kwa kuwa roho zao, alisema, zilikuwa bado zinatakaswa, na sala za walio hai ziliwapunguzia safari. Alipooa alimfuata mkewe kanisani kwake, na huko akafundishwa vingine: mtu akifa amelala fofofo, hasikii, hajui, hata kungoja hangoji, mpaka siku atakapoamshwa na Bwana wake. Na mlangoni pake zilikuja familia zilizofarijiana kwamba mpendwa wao alikwisha kufika mbinguni, tangu pumzi ilipokata. Taratibu hakubishana na yeyote.

"Mimi nawapata wakiwa hapa katikati," alimwambia mkewe siku moja. "Na hapa katikati ni baridi."

Mkewe, fundi cherehani aliyeshona sare za shule sebuleni kwao, hakuupenda mzaha huo. "Wewe ni shemasi, baba," alisema bila kuinua macho. "Chunga ulimi."

Mambo yaliharibika pale mzee mmoja wa kanisa lao alipofiwa na ndugu yake. Alikuja mapema kumchukua, akasimama nje ya mlango, akasikia: "Bwana mkubwa, ndugu yako yuko njiani. Tulia nikufunge tai." Mzee akadhani ndani kuna mtu mwingine. Alipousukuma mlango alikuta ni wawili tu, na mmoja wao ndiye marehemu. Alizika kwanza, kisha akalipeleka jambo kwenye baraza la kanisa.

"Ndugu shemasi," mchungaji aliuliza mbele ya baraza, "ni kweli unazungumza na wafu?"

"Ni kweli, mchungaji."

"Unawauliza nini?"

"Siwaulizi kitu. Nawaambia ninachofanya."

"Na wanakujibu?"

"Wangejibu ningekuwa nimeshaacha kazi."

Mmoja wa wajumbe aliangua kicheko, akakigeuza kikohozi. Mchungaji hakucheka. Hakuwa mtu mkali. Alikuwa ameona mengi. "Hivi ndivyo inavyoanza," alisema. "Leo unamwambia maiti atulie, kesho mjane anakuja umfikishie salamu, keshokutwa una wateja. Sisi tunafundisha kwamba wamelala, hawajui lolote. Sasa unamwambia nani?"

Taratibu alilifikiria swali lile kwa dhati. "Huenda hawasikii," alisema mwishowe. "Sijui. Ila nikinyamaza, mikono yangu inasahau kuwa huyu ni mtu."

Walimsimamisha ushemasi mpaka aache mazungumzo hayo. Akaahidi kuacha.

Na kweli alifunga mdomo. Kazi ikawa inakwenda haraka kuliko zamani. Siku moja alimgeuza bibi mmoja mwembamba, na mkono wa bibi ukajigonga kwenye ukingo wa meza, kishindo kikasikika. Taratibu akaendelea kufunga vifungo. Alikuwa keshafika nyumbani, ananawa ale, ndipo kishindo kile kilipomrudia masikioni. Alisukuma sahani. Mkewe alipomuuliza, akasema tumbo linamsumbua.

Haukupita muda, mama mkwe wake, aliyekuwa akiishi nao katika chumba cha uani, alifariki wodini mchana, baada ya kuugua kifua. Mhudumu mwenzake Taratibu, wa kike, alikuwa likizo.

"Sitaki mtu baki amguse," mkewe alisema. "Nitamwosha mwenyewe."

Taratibu asingeweza kumwosha mkwewe, heshima ilimkataza. Kwa hiyo alijaza mabeseni, akaweka sabuni na taulo, akavuta pazia, akasimama upande huu na kumwelekeza mkewe kwa mdomo.

"Anza na uso. Kitambaa usikikamue sana."

"Haya."

"Sasa shingo. Mshike nyuma ya kichwa, kama unavyoshika mtoto mchanga."

"Ni mzito."

"Ndiyo. Usimvute. Mwegemeze kwako."

Maji yalidondoka. Kisha sauti ya mkewe ikasikika tena, chini chini, na haikuwa ikimwelekea yeye.

"Pole, mama. Maji ya baridi haya, namaliza sasa hivi. Nakugeuza. Gauni nimelipanua mabega. Safari hii hutalalamika."

Taratibu alishika ukingo wa pazia.

Mkewe alitoka mikono ya blauzi imelowa. Alimtazama mumewe kana kwamba ndiye aliyeanzisha ubishi. "Mama amelala," alisema. "Hajui lolote. Imani yangu sijaibadilisha."

"Sawa, mama."

"Lakini sikuweza kumgeuza kimya kimya. Nilijaribu." Hapo ndipo alipolia.

Kaburini mchungaji alihubiri kuhusu usingizi usio na ndoto na asubuhi ya kufufuliwa, na aliyeitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote ni mkewe Taratibu. Wiki ileile alimfuata mchungaji ofisini.

"Mume wangu mlimsimamisha kwa kosa fulani," alimwambia. "Nami nimelifanya, kwa mama yangu mzazi. Nisimamisheni pia."

Mchungaji alimsogezea kiti. "Ulimwambia nini?"

"Kwamba maji ni baridi."

Hakuulizwa la pili. Baraza halikuligusa tena jambo lile, ila Taratibu alifikishiwa ujumbe kwamba awapo kazini afunge mlango. Mzee wa kanisa hakuridhika, wala hakuficha. Taratibu aliyarudia mazungumzo yake. Yule bibi aliyejigonga mkono alikuwa amezikwa zamani. Hapakuwa na wa kumwomba radhi.

Kuhusu roho zilipo, aliendelea kutojua. "Kama ninyi mko sahihi," alimwambia mchungaji walipopishana hospitalini, "nikifa sitajua kama nilikosea." Safari hii mchungaji alicheka.

Ushemasi hakuupata tena. Nafasi ilikuwa imeshachukuliwa na muuza matofali, naye aliifanya vizuri. Mashemasi wa kanisa lile husimama mlangoni ibada nzima. Sasa Taratibu aliketi benchi moja na mkewe, bega kwa bega, na ndipo alipogundua, baada ya miaka yote ile ya ndoa, kwamba mkewe huimba sauti ya pili.