Sahihi ya Mtu wa Msituni

Mimi nikipewa fomu nasikia raha, wala sioni aibu kusema. Kazi yangu hapa Doha ni ukarani wa mafaili hospitalini, na kule ninakoishi, Fereej Bin Mahmoud, kila Mkenya mwenye karatasi ya kujaza hunibishia mlango. Kwa hivyo makanisa ya nyumbani Kenya yalipotangaza tuzo kwa mtu aliyeleta maridhiano na jamii asilia, wale watu wa msituni waliofukuzwa kwao, nilijua fomu itafika kwangu tu.

Ilifika, tena jina likiwa tayari: mwenyekiti wa chama chetu cha Wakenya wa Doha. Eti aliwapelekea mablanketi. Nikawaambia wanachama sijazi. Mtu aliyenyang'anywa kwao ukimpa blanketi, umempa cha kujifunikia huko huko nje. Walininunia wiki nzima.

Mimi nilikuwa na jina langu. Katika kwaya yetu kuna bwana anayeimba besi, mlinzi wa jengo la ofisi, umri wake hamsini kasoro, maneno machache. Siku moja kwenye basi aliniambia, bila mimi kumuuliza, kwamba zamani alikuwa askari wa msitu na alichoma nyumba za watu. Miaka mingi baadaye kikao cha tume ya ardhi kikawa kinauliza kama msitu ule uliwahi kukaliwa na watu. Akaenda mwenyewe, hakuna aliyemwita, akasimama akasema alichofanya. Kazi ikaisha, wenzake wakaacha kumsalimia, ndipo akaja huku kulinda milango ya watu.

Niseme na langu. Sisi kwetu ni wakulima wa pembezoni mwa msitu huo huo. Watu wa msituni tuliwaita kwa jina la dharau, na utotoni nililitumia nikicheka. Labda ndiyo maana nilimwandikia yule bwana kurasa nne nzima, kwa Kiswahili kilichopigwa pasi.

Ukurasa wa tano ndio ulionikwamisha. Ulitaka maneno na sahihi ya mtu mmoja wa jamii iliyokosewa, na bila hiyo fomu haipokelewi. Doha nzima mtu wa msituni ninayemjua ni mmoja, muuguzi wa wodi ya watoto, rafiki yangu wa kula naye mchana.

Nilipomweleza aliweka kijiko chini.

"Msitu upi?" Nikamtajia.

"Upande gani?"

"Alisema upande wa mto."

Akasukuma sahani kando. "Dada, hapo ni kwetu," akasema.

Wakati ule alikuwa kidato cha pili, shule ya bweni. Alirudi likizo akakuta majivu. Miaka mitatu tunakula meza moja, na sikuwahi kumuuliza kwao ni wapi hasa. Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Nikamwambia fomu naichana sasa hivi, yaishe.

"Usiichane," akasema. "Niletee huyo mtu."

Ijumaa, siku ya mapumziko huku, tukakutana Mesaimeer, kwenye eneo la makanisa, baada ya ibada. Mimi kwa ujinga wangu nilikuwa nimenunua keki na kujaza chai ya karak, ile ya maziwa na iliki, kwenye chupa, kana kwamba ni posa. Tukaketi kwenye kivuli cha ukuta. Yule bwana, tayari amevaa sare ya kazi, akanyoosha mkono. Rafiki yangu hakuupokea. Bwana akaurudisha taratibu, wala hakuonyesha kuudhika.

"Nyumba yetu unaikumbuka?" rafiki yangu akamuuliza.

"Niambie ilikuwa wapi, dada."

"La. Niambie wewe."

Yule bwana akaniomba kalamu. Akageuza ukurasa wangu wa nne, akaanza kuchora nyuma yake. Mto, na pale unapopinda. Mti wa mtarakwa wenye mizinga ya nyuki. Kisha nyumba moja, na ya pili, na ya tatu, kila moja na mlango wake unakotazama. Hakuwa na haraka. Mimi maisha yangu ni mafaili, na sijawahi kuona faili lililotunzwa namna ile. Niliogopa. Nilitamani kuvua viatu.

Rafiki yangu alimsahihisha mara moja tu. "Mlango huu ulitazama mtoni." Bwana akaukata, akauchora upya.

Kwenye nyumba ya sita kalamu ilisimama. "Hapa sufuria ilikuwa motoni," akasema. "Niliitoa nikaiweka kwenye nyasi. Halafu nikawasha paa."

Rafiki yangu aliziba mdomo kwa mkono. Kisha akasema polepole. "Hiyo sufuria mama anaipikia mpaka leo. Aliyechoma anamlaani. Aliyeitoa sufuria anamwombea."

"Ni mimi huyo huyo, dada."

Nikajikuta namimina chai isiyohitajika na mtu.

"Usisaini," yule bwana akasema. "Mambo ya tuzo ni ya huyu mwenye fomu. Mimi nimekuja kwa kuwa umeniita."

"Mlikuwa wangapi siku ile?"

"Kumi na mmoja."

"Nani mwingine alikwenda kusema?"

"Hakuna."

Rafiki yangu akaninyooshea mkono nimpe fomu. Kurasa zangu alizipitishia macho, akanirudishia. "Haya ni mengi, dada," akasema. Kwenye ukurasa wa tano aliandika kwa muda mfupi sana, akasaini.

"Sijamsamehe," akaniambia, wala hakunong'ona. "Hilo ni la mama. Nitampa huyu namba yake, ampigie amwambie mwenyewe." Kisha akamsukumia karatasi ile asome. Yule bwana alisimama, akavua kofia ya kazi, akasoma amesimama. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Na mimi nililia, sina la kuficha.

Kesho yake nilituma karatasi mbili tu. Moja ni ile yenye mchoro. Nyingine ni ya sahihi, na kwenye nafasi ya kueleza kwa nini mtu huyu anastahili tuzo, rafiki yangu alikuwa ameandika:

"Huyu ndiye aliyechoma nyumba yetu. Wengine wote wanasema hapakuwa na nyumba."