Kifua cha Nabwire

Nabwire alikuwa msusi, na pale Bwaise, mtaa wa Kampala kando ya barabara ya Bombo, mwanamke aliyetaka kupendeza lazima apitie mkekani kwake. Alitoka Busia ya Kenya, Msamia, ameolewa na Nashon, Mjaluo aliyekuwa akichomelea mageti huko Katwe. Kwa kuwa hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, nyumba yao iliongea Kiswahili, kile cha mjini kisichojali ngeli. Kiliwatosha kupendana na kiliwatosha kugombana.

Vidole vilianza kumuuma mapema, hajafika hata miaka thelathini. Asubuhi aliamka vimevimba na kukaza, hawezi kufunga kifungo cha blauzi, mpaka jua lipande ndipo vilegee. Wengine walisema ni baridi ya maji ya mafuriko, wengine wakasema ni kijicho cha wasusi wenzake. Kisha akashika mimba, na maumivu yakaondoka yenyewe. Miezi yote ile alisuka kama msichana. Mtoto akazaliwa mvua ikinyesha, wakamwita Okoth kama ilivyo desturi ya kina Nashon, na Nabwire akaapa kwamba huyo ndiye dawa yake. Maskini, ugonjwa ulikuwa umekwenda likizo tu.

Okoth hajajua hata kukaa, vidole vikarudi kwa ghadhabu, na safari hii vikaja na kikohozi. Kikohozi kikavu kisichotoa kitu, na pumzi ikawa fupi. Akitoka kuteka maji alilazimika kuketi njiani juu ya debe lake. Ilikuwa miaka ile ya utawala wa wanajeshi. Madaktari wengi walikuwa wamekimbia, wengine wametiwa kwenye buti la gari wasionekane tena, na picha ya eksirei ilikuwa ndoto. Mganga msaidizi aliyebaki kwenye zahanati alisikiliza mgongo wa Nabwire kwa haraka, akasema ni kifua kikuu, tibii kama watu walivyoiita, akamwandikia sindano. Nani wa kumlaumu? Mji mzima ulikuwa ukikohoa.

Hapo Nashon akaingiwa na hofu. Kaka yake alikufa kwa tibii, na wanawe wakamfuata. Akasema mtoto asinyonye tena. Nabwire alikataa, akalia, akamwuliza maziwa yatatoka wapi katika mji ambao hata sukari ina foleni, na mwenye bunduki ndiye wa kwanza. Nashon akajibu heri nusu shari kuliko shari kamili. Mwishowe jirani yao Kulusum, mama wa Kinubi mwenye huruma na neno la mwisho katika kila jambo, akaleta shubiri ya kupaka. Nabwire alijipaka mwenyewe. Okoth akalivamia titi kwa pupa yake ya kila siku, akaonja, akamtazama mama yake usoni, ndipo akaangua kilio. Hakuna jambo lililomuuma Nabwire kama yale macho.

Nashon naye hakuwa mtu wa maneno matupu. Alitafuta maziwa ya kopo kwa magendo toka Katwe mpaka Ggaba, na siku moja askari wa kizuizi cha barabarani wakamkuta na kopo chini ya shati. Walimpiga kwa vitako vya bunduki, kopo wakalichukua. Machache yaliyopatikana yaliongezwa maji, na pale Bwaise mvua ikinyesha, kisima na choo ni ndugu. Okoth akaanza kuhara. Akakauka mikononi mwao. Kwa mila alipaswa kulala kwa babu yake, ng'ambo ya mpaka, lakini mwaka ule Mkenya alikuwa akisakwa kwenye kila kizuizi, wakamzika ugenini. Nashon alibaki na faraja moja tu, nayo aliirudia kila siku: mtoto hakufa akikohoa.

Sindano ziliendelea na kifua kikazidi. Kulusum ndiye aliyemwelekeza kwa Daktari Ochan, Mwacholi, kabila lililoandamwa na wanajeshi wale, ambaye alikuwa bado hajakimbia. Huyu alishika mikono yake kwanza kabla ya kifua. Akabonyeza viungo, akagusa vinundu vigumu vya kwenye viwiko, akapima makohozi machache aliyojikamua, tena na tena, asione kitu, na picha ya eksirei akaipata anakojua mwenyewe.

"Mama, hii si tibii," alisema. "Vidole na kifua ni ugonjwa moja tu. Ile nguvu ya mwili ya kupigana na vijidudu, yako imegeuka, inakupiga wewe mwenyewe. Ilianza kwa viungo, sasa imeingia kwa mapafu, na wewe bado kijana."

Kikulacho ki nguoni mwako, Nabwire aliwaza, lakini nguo huvuliwa. Akauliza kama ugonjwa huo unaambukiza.

"Hauambukizi mtu."

"Hata mtoto wa kunyonya?"

Daktari hakuwa na habari za Okoth. "Hata yeye," akasema kwa upole. "Maziwa yako ni mazuri. Nyonyesha tu."

Alimwambia dawa yake haipo Kampala nzima, arudi juma lijalo wajaribu kuiagiza. Juma lililofuata Nabwire angekuta kufuli mlangoni, na nesi angemsihi asiulize.

Lakini siku ile alirudi nyumbani akisimama kila hatua chache kuvuta pumzi, na kifuani mwake mlikuwa na hasira ya kuua. Alitaka kumtupia Nashon usoni: wewe, ni wewe. Alimkuta amechuchumaa akipuliza moto wa kumpikia uji, mgongo bado unamuuma kwa kipigo kile.

"Daktari amesema nini?"

Nabwire aliutazama mgongo ule, akakumbuka lile kopo chini ya shati.

"Amesema ni ile ile. Tibii."

Nashon akashusha pumzi, akafuta macho kwa kiganja chenye majivu. "Basi tulifanya vizuri kumwachisha."

"Ndiyo," akasema Nabwire. "Tulifanya vizuri."

Asubuhi yake akaenda zahanati kupigwa sindano, kama kawaida.